Kuvuka barabara mjini: zebra, mataa na makosa yanayogonga watu

Maswali ni yaleyale kila mara. "Nikiwa kwenye zebra gari lazima lisimame, sivyo?" "Kijani kimeanza kupepesa na mimi niko katikati, nirudi?" "Kile kitufe cha kwenye nguzo kinafanya kazi kweli?" Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio, tangu unaposimama ukingoni hadi unapofika ng'ambo. Ni wako kama umehamia mji wenye barabara pana, kama unamfundisha mtoto kuvuka, au kama hujikuta umesimama ukingoni muda mrefu bila kujua uanze lini.

Jambo moja kwanza, kwa sababu hatua zote zinalitegemea. Karibu kila nchi inampa mwenda kwa miguu kipaumbele akiwa kwenye kivuko, lakini rangi nyeupe ya barabarani haina breki. Kinachosimamisha gari ni dereva aliyekuona mapema akakanyaga. Kwa hiyo una kazi mbili muda wote: uonekane, na uhakikishe gari limesimama kabla hujapita mbele yake. Unahakikisha hivyo kwa kila leni, moja baada ya nyingine.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kujua magari yanashika upande gani. Kenya, Tanzania, Uganda, Uingereza, India na Japani hushika kushoto, kwa hiyo gari la kwanza kukufikia linatoka kulia kwako. Rwanda, Burundi, Kongo, Ufaransa na Marekani hushika kulia, na gari la kwanza linatoka kushoto. Shingo ina mazoea yake. Ukivuka mpaka, siku za mwanzo itageuka upande usio sahihi bila wewe kujua, kwa hiyo angalia pande zote mbili mara mbili hata pale unapoona haina haja.
- Masikio na macho yaliyo huru. Simu mfukoni, spika za masikioni zitoke, kofia ya koti irudi nyuma. Mvua ikinyesha, inua mwavuli uone chini yake. Ukiuinamisha mbele umejifunika macho.
- Viatu vinavyoshika mguu. Ndala ikichomoka katikati ya barabara, watu huirudia, na hapo ndipo hugongwa.
- Mkono mmoja mtupu, wa kumwonyesha dereva ishara au kumshika mtoto. Mizigo yote iende mkono mwingine au mgongoni.
- Usiku, kitu cha kuakisi mwanga. Maelezo yako chini.
- Sheria ya mji ulipo kuhusu kuvuka nje ya kivuko. Hapa nchi zinatofautiana sana. Ufaransa, kama kuna kivuko ndani ya mita 50 unatakiwa ukitumie. Italia ni mita 100. Singapore ni mita 50. Uingereza, kwenye barabara za kawaida, kuvuka nje ya kivuko si kosa. Jimbo la California, tangu Januari 2023, polisi hawakuandikii faini ila kama ulijiweka kwenye hatari ya papo hapo ya kugongwa, na Jiji la New York lilipitisha sheria ya kulifuta kosa hilo mwaka 2024. Ukiwa mgeni, chukua kwamba ni kosa mpaka uthibitishe vinginevyo.

Tofauti nyingine ya kuuliza: dereva analazimika kusimama ukiwa bado unasubiri ukingoni, au ukishaingia tu? Kuna nchi zinazomlazimu ampishe hata anayesubiri, na nyingine zinamlazimu pale tu mguu unapokuwa tayari kwenye kivuko. Uingereza, kwa mfano, ina vyote viwili: sheria humlazimu dereva kumpisha aliyekwishaingia kwenye zebra, na tangu 29 Januari 2022 mwongozo wao wa barabarani unamtaka ampishe pia anayesubiri. Ukijua hili utaelewa kwa nini mji mmoja magari husimama ukikaribia tu, na mji mwingine hayasimami mpaka uonyeshe wazi kwamba unaingia.

Kuvuka kwenye zebra isiyo na taa

1. Chagua kivuko unachoonekana. Kama zebra iko baada ya kona, juu ya mlima, au lori limeegeshwa kabla yake, tembea hadi nyingine. Nchi nyingi hukataza kuegesha karibu na kivuko kwa sababu hiyohiyo, ila katazo halimwondoi aliyekwisha kuegesha. Kama huna pa kwenda, sogea taratibu hadi usawa wa ubavu wa nje wa gari lililoegeshwa, usimame hapo, uchungulie. Huo ndio ukingo wako mpya.

2. Simama hatua moja nyuma ya ukingo, kifua kikiielekea barabara. Dereva anausoma mwili wako akiwa mbali. Mtu aliyesimama kando ya zebra akipiga soga, mgongo kwa barabara, anamfundisha dereva kwamba watu wa pale hawavuki. Kama huvuki, ondoka mdomoni mwa kivuko.

3. Angalia upande magari yanakotokea kwanza, kisha upande wa pili, kisha rudi wa kwanza. Usipepese jicho tu. Kaa na kila gari sekunde moja nzima uone kama linakua haraka au polepole. Pikipiki ni nyembamba na jicho huidhania kuwa mbali kuliko ilipo, kwa hiyo ipe nafasi zaidi. Usitegemee sikio: gari la umeme kwenye mwendo mdogo halina mngurumo. Umoja wa Ulaya umeyalazimisha magari mapya ya aina hiyo yatoe sauti chini ya kilomita 20 kwa saa, lakini si kila nchi ina sheria hiyo, na sauti yenyewe humezwa na kelele za mji.

4. Mwonyeshe dereva kwamba unavuka. Mtazame, inua mkono usawa wa kiuno au kifua, kiganja wazi. Mkono unaomba; haulisimamishi gari, kwa hiyo usiingie nao.

5. Angalia gurudumu la mbele. Watu wengi wamefundishwa kutafuta macho ya dereva, lakini mara nyingi kioo cha mbele huakisi anga na huoni mtu ndani, na usiku huoni kabisa. Gurudumu halifichi kitu. Tazama kitovu chake: mizunguko ikipungua, gari linapunguza kweli. Tazama na pua ya gari: breki zikikamata sawasawa, pua huinama kidogo, na gari likisimama kabisa hurudi juu. Ukiona pua imerudi na gurudumu limetulia, hapo ingia.

6. Vuka mbele ya gari hilo, kisha simama tena kwenye ubavu wake wa mbali. Hatua hii ndiyo watu wengi huiruka.

Fikiria barabara yenye leni mbili kwenda upande mmoja. Gari kubwa la leni ya karibu limesimama kukupisha, dereva anakupungia mkono upite. Unapita. Gari hilo sasa ni ukuta: wewe huoni kinachokuja leni ya pili, na anayekuja leni ya pili hakuoni. Yeye anaona gari limesimama bila sababu, pengine anadhani linashusha abiria, naye anapita kwa mwendo uleule. Mnaonana mkiwa mita mbili. Mkataba wa kimataifa wa usafiri barabarani wa mwaka 1968 unamkataza dereva kulipita gari lililosimama au linalokaribia kivuko, isipokuwa akiwa kwenye mwendo mdogo wa kuweza kusimama mara moja ikimlazimu, na sheria za nchi nyingi zinasema vivyo hivyo. Bado hutokea kila siku.

Dawa yake ni kusimama. Ukifika usawa wa taa ya mbele ya gari lililokupisha, ile ya upande wa leni inayofuata, simamisha miguu, sogeza kichwa tu mbele ya ukingo wa gari, uangalie leni ya pili. Gari likija, lisubiri. Aliyekupisha hana hasara kwa sekunde mbili hizo, hata kama anapiga honi. Leni ya tatu, fanya hivyohivyo. Kuna watu hudhani wanamkosea adabu dereva aliyesimama kwa kutokupita haraka. Hapana, unamkinga na kushuhudia ajali mbele ya boneti yake.

7. Ukifika kwenye kisiwa cha katikati, kichukulie kama ukingo mpya na uanze tena kutoka hatua ya 2, safari hii ukianza kuangalia upande wa kinyume. Kuna visiwa vilivyojengwa kwa kupinda, vyenye uzio, ambavyo hukulazimisha utembee kidogo kando kabla ya kuvuka nusu ya pili. Mara nyingi mpindo umewekwa ili utembee ukiyatazama magari yanayokujia, kwa hiyo usiruke uzio kutafuta njia fupi.

8. Vuka kwa mstari ulionyooka, hatua za kawaida zenye haraka kidogo. Usikate mshazari. Barabara ya mita 14 ukiikata kwa pembe ya digrii 45 inakuwa karibu mita 20, yaani sekunde 5 zaidi ukiwa mbele ya magari, na sehemu ya muda huo umeyapa mgongo. Usikimbie pia: anayekimbia huteleza, na dereva aliyepima kasi yako ya kutembea anakukosea hesabu.

9. Ukifika ng'ambo, panda ukingoni na uendelee hatua tatu ndani kabla ya kusimama. Pikipiki na baiskeli hupita karibu sana na ukingo, na walio nyuma yako nao wanahitaji pa kukanyaga.

Kuvuka kwenye mataa

1. Bonyeza kitufe mara moja. Kuna makutano ambako kijani cha waenda kwa miguu huja chenyewe kwenye kila mzunguko, na mengine ambako hakiji kamwe usipobonyeza. Ukiwa nje huwezi kutofautisha. Kwa hiyo bonyeza kila mara. Taa ndogo kwenye kisanduku ikiwaka, ombi limepokelewa. Kubonyeza mara kumi hakuharakishi chochote.

2. Umbo jekundu likiwaka, subiri, hata barabara ikionekana tupu. Kwenye makutano yenye leni za kugeuka, magari hutokea upande ambao dakika iliyopita ulikuwa umefungwa.

3. Kijani kikiwaka, hesabu moja, mbili, ukiangalia. Dereva aliyeng'ang'ania kupita na taa ya mwisho huingia kwenye makutano katika sekunde hizo mbili.

4. Angalia wanaogeuka. Katika miji mingi kijani chako huwaka pamoja na kijani cha magari yanayokwenda upande wako, na wale wanaogeuka hukatiza kivuko chako. Sheria inawataka wakupishe, lakini macho yao yako kwenye pengo la magari wanayoyakabili. Marekani, kwa kawaida, dereva anaruhusiwa pia kugeuka kulia kwenye taa nyekundu baada ya kusimama, isipokuwa pale penye kibao cha kukataza. Kwa hiyo kabla ya kuingia geuza kichwa nyuma ya bega lako pia. Pembe hiyo husahaulika.

5. Kijani kikianza kupepesa, au Marekani mkono wa rangi ya chungwa unaopepesa ukiwa na sekunde zinazohesabika kurudi, maana yake ni hii: aliyeko ukingoni asianze, aliyeko ndani amalize. Usirudi ulikotoka ila kama umeingia hatua moja tu. Muda wa kupepesa umepigiwa hesabu umtoshe mtu aliyeingia kabla haujaanza.

Hesabu hiyo inafaa uijue. Wahandisi wengi hutumia mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde. Marekani hutumia mita 1.07 hivi. Barabara ya mita 12 kwa mita 1.2 inapewa sekunde 10. Mzee au mtu mwenye magongo anayekwenda mita 0.8 kwa sekunde anahitaji 15. Sekunde tano hizo ndizo anazokosa, wala si uzembe wake. Kama ni wewe, au unamsindikiza mtu wa namna hiyo, usiingie kwenye kijani kilichokwisha kuwaka. Subiri kinachofuata uanze nacho tangu sekunde ya kwanza, na panga kupumzika kwenye kisiwa kama kipo. Kama kivuko cha karibu na nyumbani hakitoshi muda, pima kwa saa, andika upana na sekunde, upeleke kwa mamlaka ya barabara. Muda wa mataa hubadilishwa bila kuchimba chochote. Singapore imekwenda mbali zaidi: wazee hugusisha kadi kwenye nguzo na kijani huongezwa sekunde kadhaa.

6. Asiyeona au anayeona kwa shida aguse kisanduku cha kitufe. Vivuko vingi hutoa mlio au mtetemo wakati wa kijani. Uingereza, chini ya visanduku vingi, upande ambao macho hayafiki, kuna koni ndogo ya chuma yenye mikwaruzo. Iwekee kidole, na kijani kikiwaka koni huanza kuzunguka. Watu hupita hapo miaka bila kujua ipo. Matofali yenye vinundu chini ya miguu yanaashiria ukingo wa barabara, na yenye mistari mirefu yanaonyesha uelekeo wa kufuata. Yalibuniwa Japani mwaka 1965 na Seiichi Miyake, na mwaka 1967 yakawekwa kwa mara ya kwanza mjini Okayama. Usiegeshe baiskeli wala kupanga bidhaa juu yake: aliye na fimbo nyeupe anayafuata hayo.

Pasipo na kivuko

Hapa kipaumbele kwa kawaida ni cha magari, na mkataba wa 1968 unakutaka usiingie mpaka uhakikishe huyazuii. Kazi yako ni kupata pengo. Lipime hivi.

1. Kadiria upana. Leni moja ni kama mita 3 hadi 3.5. Leni mbili ni mita 7, karibu sekunde 6 kwa mwendo wa kawaida. Ongeza sekunde 3 za akiba: 9.

2. Geuza sekunde kuwa umbali. Gari la kilomita 50 kwa saa linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Kwa sekunde 9 ni mita 126. Kama gari la karibu kabisa liko ndani ya umbali huo, subiri.

3. Tumia nguzo za taa kama rula. Hesabu hatua zako kati ya nguzo mbili mara moja tu, kando ya barabara hiyo. Mara nyingi utapata mita 30 hivi. Basi mita 126 ni zaidi ya nguzo nne. Baada ya siku chache jicho litazoea.

4. Chagua mahali panapoonekana pande zote. Katikati ya magari yaliyoegeshwa ni pabaya, na mbele ya basi lililosimama ni pabaya zaidi. Ukishuka kwenye basi, liache liondoke, ndipo uvuke. Linakuficha kwa upana wake wote.

5. Penye daraja la juu au njia ya chini kwenye barabara ya mwendo kasi, itumie hata kama inakuongezea dakika tano. Kwa kilomita 80 kwa saa gari linahitaji karibu mita 57 kusimama kwenye lami kavu, na hakuna dereva wa barabara hiyo anayetegemea kumwona mtu.

Kama hakuna njia ya miguu na inabidi utembee pembezoni mwa barabara, shika upande unaokabiliana na magari, ili uyaone yanayokuja. Anayesukuma baiskeli, na kundi linalotembea kwa safu, hushika upande wa magari yanayokwenda uelekeo wao. Kwenye kona kali ambako hutaonekana, vuka upande wa pili mapema kisha urudi.

Kwa nini mwendo wa gari unabadilisha kila kitu

Nadharia ni hii tu. Dereva makini huchukua kama sekunde moja kuona na kukanyaga, na gari huendelea kwenda sekunde hiyo nzima. Kwenye lami kavu na breki nzuri, gari la kilomita 30 kwa saa husimama ndani ya mita 13 hadi 14. La kilomita 50 huhitaji kama 28, na lami ikilowa hupita 35. Chukua mtoto aliyeingia barabarani mita 20 mbele. Gari la 30 limesimama kabla ya kumfikia. La 50 linamfikia likiwa bado na kilomita kama 38 kwa saa.

Makosa yanayorudiwa na watu makini

Kusimama kwenye pembe ya makutano vidole vikiwa ukingoni. Lori au basi refu likigeuka, magurudumu ya nyuma hukata ndani ya njia ya yale ya mbele, na mara nyingine hupanda ukingo. Rudi nyuma mita moja na nusu. Kuhusu malori, shika kipimo kimoja: kama huoni uso wa dereva kwenye vioo vyake vya pembeni, yeye hakuoni. Usipite mbele karibu na pua ya lori lililosimama kwenye foleni. Dereva yuko juu na wewe uko chini ya kioo.

Kusukuma kigari cha mtoto kitangulie barabarani huku wewe ukichungulia. Kigari kina urefu wa karibu mita moja, kwa hiyo mtoto yumo ndani ya leni kabla macho yako hayajaiona. Kiegeshe sambamba na ukingo, angalia, ndipo ukigeuze.

Kumshika mtoto kiganja. Shika kifundo cha mkono. Kiganja cha mtoto huteleza akishtuka au akimwona mtu anayemfahamu ng'ambo. Watoto wadogo hawawezi kukadiria kasi ya gari, hata wakijibu maswali yote sawasawa nyumbani, na uwezo huo huchelewa hadi miaka tisa au kumi, kwa wengine zaidi. Mfundishe kwa kumfanya yeye akwambie "sasa" nawe umemshika. Akikosea, mwonyeshe gari alilolikosa.

Kuvuka kwa kufuata kundi. Wa mbele aliona pengo lake. Wewe wa nyuma pengo limeshafungwa.

Kuvaa koti jeusi usiku ukidhani kwa sababu unaziona taa za gari, dereva naye anakuona. Taa zikiwa zimeinamishwa, mwenye nguo nyeusi huonekana akiwa mita 25 hadi 30 tu, wakati reflekta huonekana zaidi ya mita 100. Weka reflekta mahali panapotembea: vifundo vya miguu, magoti, mikono. Kizibao kifuani kinaonyesha kitu kipo. Kinachochezacheza kwenye miguu kinamwambia dereva mara moja kwamba ni mtu anatembea. Taa ya simu ikielekezwa chini mbele ya miguu inasaidia, ikielekezwa usoni mwa dereva inampofusha.

Mambo yakienda kombo

*Taa imegeuka nyekundu ukiwa katikati.* Endelea mbele, haraka bila kukimbia, hadi kisiwa au ng'ambo, mkono juu upande wa magari. Kurudi ni kosa, maana walio nyuma yako wamekwisha kukutoa akilini.

*Kitufe hakiitiki, mizunguko miwili imepita.* Nenda kwenye kivuko kingine, au vuka pamoja na magari yanayokwenda upande wako, kwa tahadhari ya wanaogeuka. Toa taarifa ya namba iliyobandikwa kwenye nguzo, kama ipo. Fundi huitafuta kwa namba hiyo.

*Mataa yamezimika.* Chukulia kila upande kama zebra isiyo na taa, na usitegemee kwamba madereva wameelewana nani apite.

*Askari anaonyesha tofauti na taa.* Mfuate askari. Ishara yake inashinda taa na alama zote.

*Dereva anakupungia upite.* Shukuru kwa mkono, halafu angalia leni nyingine mwenyewe. Yeye amejibu kwa niaba ya gari lake tu.

*Foleni imesimama juu ya kivuko.* Pita nyuma ya gari, usipite kati ya mawili yaliyokaribiana, na uchungulie pikipiki zinazopenya katikati ya foleni kabla ya kila hatua.

*Ni mzunguko, yaani kipilefti.* Usikate katikati. Vuka kila mkono wa barabara peke yake, nyuma kidogo ya mstari wa kuingilia, nafasi ya gari moja. Dereva anayeingia anaangalia magari yaliyomo kwenye mzunguko, huku wewe ukiwa upande wa pili wa shingo yake.

*Umeangusha kitu barabarani.* Kiache. Fika ukingoni, subiri pengo, ndipo ukirudie kama bado kina maana.

*King'ora kinasikika.* Rudi au baki ukingoni hata kama una kijani, na usiingie mara baada ya gari la kwanza kupita. Mara nyingi la pili linafuata.

*Rangi ya zebra imefutika.* Ikiwa kibao bado kipo, sheria katika nchi nyingi bado inakihesabu kivuko, lakini dereva haioni. Vuka kana kwamba hakuna kivuko, na uwaandikie wahusika.

*Umegongwa, au mtu mbele yako amegongwa.* Asiinuliwe wala kuvutwa kando, isipokuwa pana moto au gari jingine linakuja. Mtu mmoja aende mita 50 hivi kabla ya eneo, akiwa kando ya barabara, apungie magari yapunguze mwendo. Piga namba ya dharura ya nchi. 112 hukubaliwa na simu za mkononi karibu kila mahali. Andika namba ya gari mara moja, au ipige picha. Hata ukisimama mwenyewe ukajisikia mzima, nenda ukapimwe siku hiyohiyo: kichwa kuuma kunakozidi, kutapika, usingizi usio wa kawaida au kuona vitu viwiliviwili ndani ya saa 24 ni sababu ya kurudi hospitali bila kusubiri asubuhi.